Safari ya Kuvuka Nchi ya Jua: Ni Siku Ngapi, Ni Miaka Mingapi?



Mazungumzo ya leo yametokana na swali la kijana mmoja. Kando ya chuo chetu cha ualimu iko shule ndogo ambamo walimu wanafunzi hujizoeza kazi ya kufundisha. Siku moja nilikuwa nikieleza habari za sayari, na kijana huyo, mwenye umri wa miaka 13, akanyosha mkono akasema: "Mwalimu, nikipanda chombo leo nikaelekea sayari ya mwisho, nitafika nikiwa na nywele nyeusi au nyeupe?" Wenzake wakacheka. Mimi nami, kwa haraka, nikamjibu ya kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, mtu atakufa njiani naye hajafika hata nusu. Usiku ule nikawasha taa, nikachukua kalamu, nikapiga hesabu. Nikaona nimemjibu vibaya tena mbele ya walimu wanafunzi 11 waliokuwa wakinitazama ili wajifunze kwangu. Basi nitakayoyasema leo ni masahihisho ya jibu lile.

Kwanza yatupasa kujua ukubwa wa nchi tunayotaka kuivuka. Chukua chungu chenye upana wa futi moja, ukiweke katikati ya uwanja. Hilo ndilo Jua. Sasa piga hatua kubwa 36, hatua za yadi moja moja, ukaweke chini punje moja ya uwele. Punje hiyo ndiyo Dunia, pamoja na bahari zake zote na milima yake yote, na sisi juu yake. Mwezi ni chembe ya mchanga iliyo mbali na punje hiyo kwa upana wa vidole vinne tu. Umbali huo wa vidole vinne ndio safari ya watu 12 waliokanyaga Mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Endelea mbele mpaka hatua 187 tangu kwenye chungu, uweke ndimu ndogo: hiyo ni Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote. Zohali iko hatua 340 na kitu. Ukipita Urano, utafika kwenye Neptuni, sayari ya nane na ya mwisho, ambayo ni punje ya njugu mawe iliyo mbali na chungu kwa hatua 1,076. Baina ya punje hizi hamna kitu, ila vumbi na mawe machache yaliyotawanyika. Na chungu cha pili kilicho jirani, yaani nyota iliyo karibu nasi kupita nyota nyingine zote, ukitaka kukiweka mahali pake kwa kipimo hicho hicho, utakipeleka mbali kuliko London.

Nimewafanyisha vijana jambo hilo kiwanjani. Yule aliyebeba njugu mawe alipofika mahali pake hakuweza tena kukiona chungu, akaanza kupiga kelele akidhani tumemsahau.

Kwa maili za kweli, Jua li mbali nasi kwa maili milioni 93, na Neptuni iko mbali na Jua kwa maili milioni 2,795 hivi. Tuseme mtu anatembea kwa miguu maili 20 kila siku, wala hapumziki Ijumaa wala Jumapili. Atafika Mwezini baada ya miaka karibu 33. Gari la moshi liendalo maili 30 kwa saa, usiku na mchana pasipo kusimama stesheni, litafika Mwezini kwa miezi 11. Lakini likielekea Jua litahitaji miaka zaidi ya 350, na toka Jua mpaka Neptuni miaka zaidi ya 10,000. Ndege ya abiria, iendayo maili 550 kwa saa, itatoka Jua ikafika Neptuni kwa miaka 580. Kama ingaliondoka wakati ule Wareno walipokuwa bado hawajafika Malindi kwa mara ya kwanza mwaka 1498, ingalikuwa hata leo iko angani. Hesabu hizi ndizo zilizokuwa kichwani mwangu nilipomjibu yule kijana kwa haraka.

Walakini chombo cha angani hakiendi kama gari wala kama ndege. Gari likizimwa mtambo husimama, kwa sababu barabara na upepo hulizuia. Huko juu hakuna barabara wala upepo. Roketi huwaka kwa dakika chache, hukipa chombo mwendo, kisha huzimika. Na chombo huendelea chenyewe mwaka baada ya mwaka, kama jiwe lililorushwa ambalo halianguki. Kazi ngumu ni ule mwanzo. Ili kitu kiiache Dunia moja kwa moja kisirudi, yapasa kipewe mwendo wa maili 25,000 kwa saa. Dunia yenyewe husaidia kidogo: huzunguka kuelekea mashariki, na mahali penye mstari wa Ikweta huzunguka kwa maili 1,040 kila saa, hata roketi irushwayo kuelekea mashariki karibu na Ikweta hupata mwendo huo bure. Kwa sababu hiyo Waitalia walijenga jukwaa baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kuchungulia nyota, kikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Chombo hicho hakikwenda mbali. Kiliizunguka Dunia tu. Nimekitaja kwa kuwa wengi wetu tumepita ufuoni kule pasipo kujua.

Kuna na kizuizi kimoja ambacho huko juu hakikosekani, nacho ni Jua lenyewe. Jua huvuta. Kila chombo kinachotoka kwetu kwenda nje ni kama mtu apandaye mlima: hupunguzwa mwendo siku zote.

Jambo la pili ambalo watu hawalifikiri ni kwamba hakuna sayari iliyosimama ikitungoja. Mpiga mshale hamlengi ndege alipo, humlenga atakapokuwa. Kadhalika chombo huelekezwa mahali patupu, na sayari hufika hapo siku ile ile chombo kinapofika. Wazee wetu wa pwani wangeyaelewa haya upesi kuliko watu wa bara. Nahodha wa jahazi atokaye Maskati hashuki kuja Zanzibar siku apendayo, hungoja kaskazi. Akiisha kuuza tende zake hawezi kugeuza tanga siku ya pili, hungoja kusi. Na akichelewa musimu, hukaa.

Safari ya Mirihi ina musimu wake pia, nao huja mara moja kila miezi 26. Mwaka 2020 musimu ulianguka mwezi wa Julai, na mwezi huo mmoja vilitweka vyombo vya nchi tatu: cha Falme za Kiarabu kiitwacho Amal, yaani Tumaini, cha Wachina, na cha Wamarekani kiitwacho Perseverance. Vyote vitatu vilifika Februari 2021. Perseverance kiliondoka tarehe 30 Julai kikatua tarehe 18 Februari, yaani siku 203. Njia iliyo nafuu kabisa, itumiayo mafuta machache, huchukua miezi minane na nusu. Basi mtu akienda Mirihi kwa njia hiyo, atafika na kukuta ya kuwa musimu wa kurudi haujafika. Itampasa angoje huko miezi 15, ndipo atweke tena, asafiri miezi mingine minane na nusu. Tangu kumuaga mkewe hata kubisha hodi nyumbani ni miaka miwili na miezi minane, na karibu nusu ya muda huo si ya kusafiri bali ya kungoja.

Sasa natamani kuwaeleza habari za safari moja iliyokuwa kubwa kupita zote. Mwaka 1965 kijana mmoja wa Kimarekani, Gary Flandro, alikuwa akipiga hesabu za njia za sayari. Akaona ya kwamba karibu na mwaka 1980 sayari nne za nje, Mshtarii, Zohali, Urano na Neptuni, zitakuwa upande mmoja wa Jua zimejipanga hivi kwamba chombo kimoja chaweza kuzipitia zote nne. Mpangilio huo hutokea mara moja tu kwa miaka 175 hivi. Kwa chombo kisichosaidiwa, safari ya Neptuni kwa njia nafuu ni miaka 30. Kwa mpangilio huu yaweza kuwa miaka 12.

Nini hukisaidia? Rusha mpira mbele ya gari la moshi linalokujia. Mpira utagonga uso wa gari na kurudi kwa kasi kubwa kuliko uliyorushia, kwa sababu umechukua sehemu ndogo ya mwendo wa gari. Mshtarii hufanya vivyo hivyo, ila haigusi chombo: hukivuta, hukipinda njia, na kukiachilia upande mwingine kikiwa na mwendo mkubwa kuliko ule kilichojia. Mshtarii yenyewe hupunguziwa mwendo wake kwa kiasi kidogo mno, kisichoweza kupimwa. Sijui mwizi mwingine ambaye aliyeibiwa hapati hasara.

Wamarekani hawakuuacha musimu ule. Walitengeneza vyombo viwili, kila kimoja chenye uzito wa ratili 1,600 hivi, wakaviita Voyager. Voyager 2 kilirushwa kwanza, tarehe 20 Agosti 1977. Voyager 1 kilifuata tarehe 5 Septemba, lakini kwa njia fupi zaidi, kikampita mwenzake. Voyager 2 kilifika Mshtarii Julai 1979, Zohali Agosti 1981, Urano tarehe 24 Januari 1986, na Neptuni tarehe 25 Agosti 1989. Ni miaka 12 na siku tano. Mpaka hivi leo hakuna chombo kingine kilichopita karibu na Urano wala Neptuni, na picha tulizo nazo za karibu za sayari hizo mbili ni zile za siku chache za miaka ile. Chombo kilipopita Urano mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kila kimoja cha vyombo hivi kimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55, endapo yuko mtu wa kuisikiliza huko mbele. Kiganda kimo, Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo, jambo ambalo bado linanichoma kidogo.

Kuna chombo kingine kilichopita upesi zaidi mwanzoni, nacho ni New Horizons, kilichotumwa kwenda Pluto. Kilirushwa tarehe 19 Januari 2006. Kati ya wale watu watatu wa mwaka 1969 walioondoka tarehe 16 Julai, wawili walitua Mwezini baada ya siku nne. Chombo hiki kiliupita umbali wa Mwezi kwa saa tisa. Kilifika Mshtarii kwa miezi 13, na Pluto tarehe 14 Julai 2015, miaka tisa na nusu tangu kuondoka. Kiliporushwa, Pluto ilikuwa ikihesabiwa sayari ya tisa. Kabla mwaka ule haujaisha wataalamu wakaiondoa katika hesabu hiyo, na chombo kikiwa njiani. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya majivu ya mwili wa Clyde Tombaugh, aliyeigundua Pluto mwaka 1930 na kufariki mwaka 1997.

Na hapa yaja shida ambayo sikuifikiri hata nilipokuwa nikipiga hesabu usiku ule. New Horizons kilifika, lakini hakikusimama. Kilikuwa kikienda karibu maili 31,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, urefu wote wa Pluto, maili 1,477, hupitwa kwa muda usiotimia dakika tatu. Miaka tisa na nusu ya njia, na kuonana kwa siku moja! Kilipiga picha, kikapita kwenda zake. Ili kusimama lazima kuwe na mafuta ya kuzuia mwendo, na mafuta hayo ni mzigo, na mzigo huo wahitaji mafuta mengine ya kuuondoa duniani. Afadhali gari lenye breki mbovu, kwa maana hilo lina kilima cha kulizuia.

Ndiyo maana umbali peke yake haukwambii muda. Utaridi iko karibu nasi mara nyingi kuliko Mshtarii, lakini chombo kiitwacho MESSENGER, kilichotumwa kuizunguka, kiliondoka Agosti 2004 kikaanza kuizunguka Machi 2011, miaka sita na nusu. Kuelekea Jua ni kuteremka mlima, na mteremko huongeza kasi. Hivyo kililazimika kupita karibu na Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi yenyewe mara tatu, kila mara kikijipunguzia mwendo au kujipinda njia, ndipo kikaweza kushikwa.

Sasa mtaniuliza, mwisho wa nchi ya Jua uko wapi hasa? Swali hili ni kama kuuliza mwisho wa mji. Mmoja atasema ni nyumba ya mwisho. Huyo atasimama Neptuni. Mwingine atasema ni pale unapoacha kusikia ngoma za mji. Jua nalo lina upepo wake, vumbi jembamba la chembe za umeme litokalo kwake pande zote, na mahali unapokomea upepo huo Voyager 1 kilipavuka tarehe 25 Agosti 2012, baada ya miaka 35. Voyager 2 kikafuata tarehe 5 Novemba 2018. Wa tatu atasema mji huishia pale mashamba yake ya mwisho yalipo. Mashamba hayo ni lile wingu kubwa la vipande vya barafu ambalo wataalamu wanaamini ya kuwa lipo mbali sana, na bado linashikwa na mvuto wa Jua. Voyager 1, ambacho kwa mwendo wake wa maili 38,000 kwa saa kingetoka Mombasa kikafika Nairobi kwa nusu dakika, kitachukua miaka 300 hivi kufika ukingo wa ndani wa wingu hilo, na labda miaka 30,000 kulivuka.

Kwa kuwa mnanisikiliza katika redio, hamna budi kujua kwamba mawimbi yaletayo sauti hii huenda kwa mwendo wa nuru, maili 186,000 kwa nukta moja. Hufika Mwezini kwa nukta moja na kidogo, kwenye Jua kwa dakika nane na nukta 20, na Neptuni kwa saa nne. Kwa Voyager 1 hukaribia saa 24. Redio ya chombo hicho ina nguvu ya wati 20 hivi, pungufu ya taa moja ya chumbani ya aina ya zamani, na sauti yake husikiwa hapa kwa masikio makubwa ya chuma yenye upana wa futi 230, yaliyoko Marekani, Hispania na Australia.

Novemba 2023 chombo hicho kilianza kusema maneno yasiyo na maana, kama mgonjwa wa homa. Mafundi wakatafuta sababu miezi mitano. Kila walipouliza swali, iliwapasa kungoja saa 45 ndipo wapate jibu, ndani ya kompyuta iliyotengenezwa kabla ya wengine wao kuzaliwa. Wakaona ya kwamba kipande kimoja kidogo cha kumbukumbu yake kimekufa, wakayahamisha maagizo yaliyokuwamo wakayaweka sehemu nyingine, na tarehe 20 Aprili 2024 kikasema tena sawasawa. Lakini umeme wake hupungua wati nne hivi kila mwaka, na vyombo vya kupimia vilivyomo vinazimwa kimoja kimoja ili redio iendelee. Siku moja redio nayo itanyamaza, na safari itaendelea kimya.

Nikarudi darasani na daftari langu. Nikamwambia yule kijana, mbele ya wote waliocheka, ya kwamba nilikosea. Kwa mwendo wa New Horizons angefika Mshtarii akiwa na miaka 14. Kwa njia ile ya Voyager 2, kama sayari zingejipanga tena, angeiona Neptuni akiwa na miaka 25, nywele nyeusi tititi. Na mahali unapokomea upepo wa Jua angepafika kwa njia ya Voyager 1 akiwa na miaka 48, mvi zimeanza. Ila asingeweza kusimama mahali popote. Akitaka kusimama Neptuni na kurudi, itampasa aende kwa njia ile nafuu ya polepole, miaka 30 kwenda na miaka 30 kurudi, na hapo atatua nyumbani akiwa na miaka 73, ukiacha muda wa kungoja musimu.

Akayaandika yote. Kisha akafikiri, akanyosha mkono tena, akauliza chakula na maji ya miaka 60 vitapakiwa wapi. Hesabu hiyo nimewapa walimu wanafunzi wote 11, na mpaka leo majibu yao hayajalingana.